Ukurasa wa Nice

Kariakoo, Dar es Salaam
10 Machi 2024

Mdogo wangu Wilbert,

Natumaini baridi ya huko Tampere imepungua, maana kwenye picha ya mwisho ulikuwa umevaa makoti mpaka Mama akauliza huyu ni nani. Sisi hatujambo. Mama yuko Marangu, goti linamsumbua lakini hataki kusikia habari ya kuja Dar, anasema joto letu litamuua kabla ya goti. Baba Nice anashinda bandarini na makontena ya watu. Nice yuko mwaka wa mwisho chuoni. Hajaanguka tangu mwaka juzi, dawa zimemkubali, tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia badala ya kukutumia sauti kwa sababu hapa dukani ukifungua sauti Mtaa wa Kongo mzima unasikiliza, na hili sitaki lisikike.

Ni kuhusu ile tovuti ya wazazi wenye watoto wa kifafa, uliyotutengenezea ukiwa bado chuoni. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa Buguruni anaitwa Vicky. Ana binti wa miaka kumi. Binti alianguka nyumbani, baba yake akafungua simu, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wetu wa huduma ya kwanza, akasoma kwamba amtie kijiko katikati ya meno. Akamtia. Meno mawili ya mbele yamevunjika, na nusura kipande kimkabe.

Wilbert, ukurasa ule niliuandika mimi, daktari akiwa amekaa pembeni yangu. Niliandika usimtie kitu chochote mdomoni, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa. Kuna mtu ameingia akabadilisha. Wanaojitolea wote tunatumia nywila moja, na wote ni watu wema. Nilirekebisha palepale Vicky akiniangalia. Lakini aliniuliza, "Sasa dada Severa, nitajuaje kesho hawatabadilisha tena?"

Nijibu wewe. Sitaki kumtafuta aliyefanya. Nataka isitokee tena.

Na kazini kwako vipi?

Dada yako,
Severa


Tampere
14 Machi 2024

Dada Severa, shikamoo.

Pole sana, na umpe pole Vicky. Niliposoma habari ya kijiko niliacha chai yangu mezani ikapoa. Huku theluji bado ipo, inayeyuka mchana inaganda tena, watu wanatembea kama bata. Mwambie Mama yule kwenye picha ni mimi, nimenenepa kidogo tu.

Tatizo letu ni hili. Mfumo tunaoandikia kurasa una tabia mbaya: ukibonyeza kuhifadhi, maneno mapya yanakaa juu ya yale ya zamani, na ya zamani yanapotea. Haujui nani alikuwa anaandika wala kulikuwa na nini jana.

Sisi tunaotengeneza programu tunatumia kitu kinaitwa Git. Ni namna ya kutunza kila toleo la kazi, na ziko kampuni zinazotoa hifadhi zake mtandaoni. Nataka niuunganishe mfumo wenu na hifadhi ya namna hiyo. Kila anayejitolea atapewa jina lake na nywila yake. Akibadilisha ukurasa, badiliko halitaenda kwa wasomaji. Litaingia kwenye hifadhi kama pendekezo. Mtu wa pili atalifungua, atayaona maneno ya zamani upande mmoja na mapya upande wa pili, yaliyoondolewa yana rangi nyekundu na yaliyoongezwa kijani. Akikubali, hifadhi inaupa mfumo taarifa na ukurasa unatoka. Akikataa, hautoki. Kwa kuanzia mtu wa pili nitakuwa mimi.

Hifadhi nitaiacha wazi, ili vikundi vya wazazi vya Mwanza na Arusha vichukue kurasa zetu bila kutuomba.

Halafu zuri lake kubwa ni kwamba hakuna kinachofutika. Hata mtu akifuta ukurasa mzima, ule wa zamani unabaki kwenye historia na jina lake na tarehe. Ndilo jambo la kwanza nililofundishwa na ndilo ninalofundisha wenzangu: historia haiguswi.

Mwambie Vicky hivyo.

Mdogo wako,
Wilbert


Kariakoo
2 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua imetushika. Jangwani pamejaa maji, wateja wa mikoani hawafiki, na stoo ya nyuma imevuja juu ya majora ya vitenge vilivyoingia juzi. Tumeyatandaza kwenye ngazi mpaka ghorofa ya tatu, jengo zima limekuwa kama harusi.

Tumefuata maelezo ya kuunganisha uliyotutumia baadaye. Pantaleo ndiye aliyekaa kwenye kompyuta, unamkumbuka, yule mzee muuza saa za ukutani mwenye wajukuu wawili wagonjwa. Tulifungua akaunti kwenye hifadhi, tukaruhusu mfumo uingie, ikatupa ule ufunguo uliosema, mstari mrefu wa herufi na namba. Uliandika tuuweke mahali salama. Pantaleo akaona mahali salama ni kwenye grupu la WhatsApp la wazazi, ili usipotee. Watu mia na zaidi. Wengine wamejibu "Amina".

Usicheke. Tuambie cha kufanya.

Jumamosi wageni walikuja nyumbani. Nice ana kijana, anaitwa Ansbert, watu wa Kibosho, baba yake ana duka la jumla la vyombo hapa hapa Kariakoo. Wamekuja kujitambulisha. Walikuja na shangazi yake, mama mmoja anayeangalia kila kitu mara mbili. Mambo yamekwenda vizuri. Mengine nitakuambia.

Nina swali. Uliposema hakuna kinachofutika, ulikuwa na maana kuanzia sasa, au na vya nyuma?

Hukunijibu kuhusu kazi.

Severa


Tampere
9 Aprili 2024

Dada, shikamoo.

Nimecheka, samahani. Ufunguo ule nimeuua na nimetengeneza mwingine, Pantaleo asiuone kabisa. Mpe salamu zangu.

Hongera kwa Nice! Jamani, mtoto niliyekuwa nambeba mabegani pale Mnazi Mmoja leo anachumbiwa. Nitamwandikia.

Swali lako: kuanzia sasa tu. Kilichofutwa kabla ya kuunganisha, hifadhi haikijui. Ila una bahati, mdogo wako ana mazoea ya kutunza. Nilikuwa na nakala ya tovuti nzima niliyoichukua Krismasi iliyopita, kwa hiyo kabla ya kuunganisha nikazilinganisha, niione kama mfumo umepoteza kitu. Na kweli nilikuta ukurasa mmoja haupo. Wa kwanza kabisa, ule ulioandika kuhusu Nice alipokuwa mdogo, ulioifanya tovuti iwe tovuti. Nilistuka. Nimeurudisha mahali pake pamoja na picha. Sasa yote yamo kwenye hifadhi na yanaonekana.

Kazi zipo, dada. Huku kazi haziishi.

Wilbert


Tampere
28 Aprili 2024

Dada Severa, shikamoo.

Natumaini ni mvua tu inayokuzuia kuandika. Nimepiga mara mbili, ulipokea ukasema una wateja. Mama ameniambia mko wazima, kwa hiyo sina wasiwasi. Kidogo ninao.

Mfumo unafanya kazi vizuri. Mama mmoja wa Temeke aliongeza maelezo ya dawa yakiwa na kosa la kipimo, nikamrudishia, akarekebisha, likapita. Ndivyo nilivyotaka.

Kutoka kwa jina lako yalikuja mapendekezo mawili ya kuufuta ukurasa wa Nice, siku iliyofuata barua yangu na tena wiki hiyo hiyo. Nafasi ya maelezo ulikuwa umeiacha tupu. Nikajua umebonyeza vibaya, vitufe viko karibu karibu. Nimeyakataa yote mawili, ukurasa uko salama.

Umekasirika na mimi?

Wilbert


Kariakoo
6 Mei 2024

Wilbert,

Hatujambo.

Uuondoe ule ukurasa. Sikubonyeza vibaya. Usiniulize sababu.

Severa


Tampere
7 Mei 2024

Dada, shikamoo.

Nimeuondoa leo asubuhi. Msomaji wa tovuti hauoni tena. Kwenye hifadhi bado upo kama historia, kama nilivyoeleza, lakini huko hapendi kuingia mtu asiyejua anachotafuta. Sitauliza.

Msalimie Baba Nice.

Wilbert


Kariakoo
19 Juni 2024

Mdogo wangu Wilbert,

Mama anaendelea vizuri, amepata dawa mpya ya kuchua. Mvua zimekwisha, majora yaliyolowa nimeyauza kwa bei ya hasara Mchikichini na nimeyasahau. Baba Nice anakusalimu.

Nilikuambia usiniulize. Sasa nakuambia mwenyewe, maana sina mwingine wa kumwambia.

Ukurasa ule niliufuta mimi mwezi wa pili. Nilisikia watu wa Ansbert wanakuja, nikajiambia, watakwenda nyumbani watafute jina la mtoto wetu kwenye simu, kitu cha kwanza watakachokiona ni kifafa. Unawajua watu. Watasema ni laana, watasema watoto watazaliwa nacho. Nikaufuta, na sikumwambia mtu, hata Baba Nice. Halafu wewe ukaurudisha. Nilipobonyeza kuufuta, ukanikatalia. Wala sikuweza kukuandikia sababu kwa sababu ningeona aibu: miaka yote nasimama mbele ya wazazi nawaambia msiwafiche watoto, na mimi nafanya nini?

Wiki zile ulipokuwa wazi, shangazi yake Ansbert aliuona. Akautunza kwenye simu. Alhamisi iliyopita akautuma.

Nice aliingia dukani mchana, wateja wamejaa. Nilikuwa nampimia kitambaa mama mmoja wa Tunduma. Akasimama mbele ya kaunta kama mteja, hakunisalimia, akafungua simu akaanza kusoma kwa sauti.

"'Mwanangu Nice ana miaka tisa. Leo ameanguka darasani mbele ya wenzake. Alipoletwa nyumbani sketi yake ilikuwa imelowa, na alikuwa ananuka mkojo, na watoto walimfuata mpaka getini wakiwa wameziba pua.'"

Yule mama wa Tunduma akaachia kitambaa.

"Nice," nikamwambia, "twende stoo."

"Hapana. Huu ulisomwa na watu wote, na hawa nao wasikie."

"Umeupata wapi?"

"Shangazi yake Ansbert. Hakuandika neno. Ameweka alama ya kuuliza tu."

Nikatoka nyuma ya kaunta. Nikamwambia nisikilize mwanangu, niliufuta kabla hawajaja, mjomba wako akaurudisha kwa bahati mbaya, sikutaka wajue habari ya ugonjwa wako. Akaniangalia kama ananionea huruma.

"Mama, Ansbert anajua. Nilimwambia mwenyewe, kabla hata hatujawa wachumba. Baba yake anajua. Ansbert ndiye hunikumbusha dawa."

"Sasa kama wanajua..."

"Sketi, mama. Uliandika sketi."

Wilbert, nilikuwa nimejiandaa kutetea ugonjwa. Sketi sikuwa nimeiwazia hata siku moja. Nikamwambia ukurasa ule umesaidia watu wengi, kuna watoto wanakunywa dawa leo kwa sababu mama zao waliusoma.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilikaa kimya nilipokuwa sekondari na wasichana wanaurusha kwenye simu zao. Nilijiambia unasaidia watu. Lakini hukuniuliza."

"Ulikuwa na miaka tisa."

"Nilikuwa na mdomo."

Akaondoka. Yule mama wa Tunduma akaninyooshea kitambaa tuendelee kupima, namshukuru. Tangu siku ile Nice analala kwa rafiki yake Sinza. Ujumbe wangu anausoma, hajibu. Sekondari, Wilbert. Alikuwa anarudi nyumbani, namuuliza shule ilikuwaje, anasema nzuri.

Sijui kama nimekuandikia ili unisaidie au ili usome tu.

Severa


Tampere
3 Julai 2024

Dada Severa, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu Nice aliniandikia siku mbili baada yako, na nilitaka nimalize alichoniomba kwanza. Sijui kama amekuambia. Aliandika barua fupi yenye heshima zote: mjomba shikamoo, nasikia ukurasa umeondolewa kwenye tovuti lakini uko kwenye hifadhi. Naomba utoke na huko. Si kufichwa, utoke.

Nilimjibu vibaya. Nilimweleza namna mfumo unavyofanya kazi, kwamba historia haiguswi, kwamba hiyo ndiyo maana yake. Akaniandikia mstari mmoja: "Mjomba, hiyo historia ni ya nani?"

Nilizunguka na swali hilo siku nzima. Nilikuwa nimelikataa pendekezo lako mara mbili bila kukuuliza kwanza, na sasa nilikuwa namkatalia na yeye.

Basi nimefanya. Si kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Kila toleo kwenye hifadhi limeshikana na lililolitangulia, kama nyuzi za sweta. Ukitaka kuuondoa uzi wa mwanzo inabidi ufumue sweta lote ulifume upya. Nilianzia toleo la kwanza kabisa, nikaujenga mlolongo wote tena bila ukurasa ule na bila picha, nikaibadilisha hifadhi. Nikawaandikia Mwanza na Arusha, waliokuwa na nakala, wafute zao wachukue mpya. Nikawaandikia wenye hifadhi wasafishe na mabaki yaliyobaki kwao. Wamejibu juzi kwamba wamemaliza. Na hifadhi nimeifunga, anayetaka kurasa zetu ataomba.

Picha ambazo watu wameshazipiga kwenye simu zao sina uwezo nazo. Nilimwambia hivyo. Akajibu, "Asante kwa kutonidanganya."

Nimemwuliza pia kama angependa kuwa mtu wa pili badala yangu, yule anayekubali au kukataa. Mimi niko mbali na najifanya najua. Amesema atafikiri.

Wilbert


Kariakoo
15 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nice amerudi nyumbani Jumapili. Alikuja na mkoba wake, akapika, tukala, Baba Nice akazungumza habari za meli mpaka tukachoka. Hatujalizungumza. Lakini yupo.

Baba yake Ansbert alikuja dukani mwenyewe. Hakukaa. Alisema, "Mama Nice, dada yangu amekosea, na nimemwambia. Tukutane Moshi Januari kwa shughuli ya watoto kama tulivyopanga." Shangazi hajaja na sidhani atakuja. Sawa.

Sasa nina ombi, na ninaliandika mara moja halafu nisilirudie.

Ukurasa ule niliuandika siku ile ile alipoanguka. Nilikuwa nimekaa sakafuni stoo, mgongo kwenye majora, naandika kwenye daftari la bei, kwa sababu nilihisi nisipoandika nitapiga kelele. Wiki ile ulipouweka kwenye tovuti, alikuja mama kutoka Lindi. Alikuwa amepanda basi kuja kunitafuta mimi, amebeba mtoto aliyekuwa amechanjwa kifua kizima kwa waganga. Aliniambia, "Nilifikiri ni mimi peke yangu." Tulilia pale kati ya vitenge hatujuani hata majina. Grupu lote lilianzia pale.

Daftari lilishapotea. Sina tena neno hata moja la siku ile. Nice ana haki, sibishani. Lakini na mimi nilikuwepo siku ile.

Unatunza vitu, wewe. Nitunzie nakala moja. Sitamwonyesha mtu, na Nice si lazima ajue.

Na hujanijibu kuhusu kazi tangu Machi. Nimeacha kuuliza, lakini nimehesabu.

Severa


Tampere
2 Agosti 2024

Dada Severa, shikamoo.

Huku sasa ni kiangazi, watu wamelala kwenye majani bila mashati kama wamefunguliwa jela. Nilikula maembe ya Brazili, hayana ladha yoyote.

Nakala sina. Lakini sitaki nikuache na neno "sina" peke yake, kwa sababu barua yako ilipofika nilikuwa nayo. Ile ya Krismasi ilikuwa bado kwenye kompyuta yangu. Nilipomaliza kufuma sweta nilijiambia hii haihesabiki, hii ni yangu binafsi. Ulipoomba, nikaifungua nikausoma mara moja. Umeandika vizuri sana, dada. Nililia. Halafu wiki mbili zote nikawa naifungua barua yako naifunga, sijui nikujibu nini.

Leo asubuhi nimeifuta. Nimeifuta kwanza, ndipo nikakaa kukuandikia, ili nikisema sina liwe kweli. Nice hakusema ukurasa utoke isipokuwa kwa mjomba na mama.

Nisamehe. Ungekuwa wako peke yako ningekutunzia mpaka nife.

Kazi. Mkataba wangu uliisha Aprili, hawakuuongeza. Sasa hivi napanga vifurushi kwenye ghala moja nje ya mji, nasimama saa zote, miguu inavimba. Sikukuambia kwa sababu nilijua utamwambia Mama, na Mama ameshawaambia Marangu nzima kwamba mwanawe ni mkubwa wa kompyuta Ulaya. Naendelea kutafuta. Kuna wakati tovuti yenu ndiyo ilikuwa kazi pekee iliyonifanya nifungue kompyuta asubuhi. Kwa hiyo usinishukuru.

Wilbert


Kariakoo
8 Septemba 2024

Mdogo wangu Wilbert,

Marahaba mwanangu, maana leo nakuita mwanangu. Sikumwambia Mama. Nilimwambia umebadilisha kazi, akauliza kama ni kubwa zaidi, nikasema unasimamia mizigo ya nchi nzima. Amefurahi. Ukichoka kusimama, rudi. Hapa hakuna atakayekuuliza ulikuwa mkubwa wa nini, na duka hili halijawahi kuwa na mtu anayejua kompyuta ikikwama.

Kuhusu nakala, nilikukasirikia siku kadhaa. Imepita. Nimekuandikia ili ujue imepita.

Nice amekubali ile kazi. Yeye ndiye mtu wa pili sasa. Pantaleo anamwogopa, anasoma kila kitu chake mara tatu kabla ya kutuma. Juzi alimrudishia ukurasa kwa sababu ya nukta.

Mwezi uliopita niliandika habari mpya. Ni ya binti wa Vicky, yule wa meno. Niliona ni habari ambayo kila mzazi anatakiwa kuisoma, kijiko kilivyomuumiza, hospitali, meno yalivyotengenezwa. Sikuweka jina la mtoto, sikuweka shule, nikaona nimejifunza. Nikatuma pendekezo. Nice alikuwa sebuleni, mimi niko chumbani, angeweza kunyanyua sauti. Hakunyanyua. Likarudi kwenye mfumo, limekataliwa. Kwenye nafasi ya maelezo ameandika: "Mwenyewe ameulizwa?"

Nikampigia Vicky. Akasema andika tu dada Severa, mimi nakuruhusu, watu wajifunze. Nikatuma tena, nikaandika Vicky ameruhusu.

Likarudi. "Sikuuliza kuhusu Vicky."

Nilizima kompyuta kwa hasira, nakwambia ukweli. Nilimzaa mimi.

Jumamosi nikaenda Buguruni. Vicky alikuwa ameandaa ugali na dagaa, binti amekaa kwenye mkeka na sahani yake. Nikakaa chini karibu naye, nikamwambia nimeandika habari yake na ningependa aisikie. Nikamsomea yote kutoka kwenye simu, polepole, bila kuruka. Alikuwa anasikiliza huku anachambua dagaa vichwa. Nilipomaliza akauliza nani wataisoma.

"Watu wengi," nikamwambia. "Wa hapa, wa Mwanza, hata wa Ulaya aliko mdogo wangu."

"Na wa darasani kwetu?"

"Wakitaka, wanaweza."

Akafikiri. Vicky akaanza kumbembeleza, mwambie shangazi ndiyo mwanangu, shangazi ni mtu mzuri. Nikamshika Vicky mkono anyamaze. Tukasubiri. Mtoto akaangalia sahani yake, akaniangalia mimi, akasema, "Hapana."

Nikamwambia sawa, asante.

"Hukasiriki?"

"Sikasiriki."

Akanisogezea bakuli la dagaa, tukala.

Jioni nililiondoa pendekezo mwenyewe. Nafasi ya maelezo sikuiacha tupu. Nimeandika: "Ameulizwa. Amekataa."

Nice alipita nyuma yangu anakwenda jikoni, akalisoma begani kwangu. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Itunze miguu, uiloweke kwenye maji ya chumvi.

Dada yako anayekupenda,
Severa